Maswali ya Wasomaji: Dalili za Kiwewe ni Mafungu Matatu au Manne?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Uyole hapa Mbeya. Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu. Miezi minane iliyopita alikuwa akitoka Tunduma kwenda Dar es Salaam na mzigo wa shaba, na alipokuwa akiteremka Kitonga lori lilikosa breki likapinduka. Yeye alitoka na jeraha la kichwa na mkono uliovunjika, lakini utingo wake, kijana aliyefanya naye kazi miaka mingi, alifia palepale. Mkono umepona, ila mtu aliyerudi nyumbani si yule niliyemzoea. Usiku anaweweseka huku akikandamiza godoro kwa mguu wa kulia, kana kwamba anatafuta breki. Mchana hakai mahali asipouona mlango. Barabara kuu hataki kuikanyaga, simu za madereva wenzake hapokei, na siku ya kipaimara cha binti yetu alikaa kama mgeni aliyepotea njia. Neno analolirudia ni moja: “Mimi ndiye niliyemuua.” Hospitalini tuliambiwa kwamba ana ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, na kwamba dalili zake ziko katika mafungu manne. Mshauri wa kanisani kwetu, ambaye naye amesomea mambo haya, anasema mafungu ni matatu. Ndugu wa mume wanasema marehemu anamfuata, na wanataka tambiko. Nimwamini nani, na mafungu hayo yananisaidia nini mimi ninayeishi naye?
Mama wa watoto watatu, Uyole

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa yaliyoifika nyumba yako. Nianze na hilo linalokutatiza. Daktari wa hospitali na mshauri wa kanisani wote wawili wamekuambia kweli, kwa kuwa zipo orodha mbili kubwa za magonjwa ya akili zinazotumika duniani, na kila mmoja wao amejibu kwa ile aliyoisomea. Ya kwanza hutolewa na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, na toleo lake la mwaka 2013 ndilo lenye mafungu manne na dalili 20. Ya pili ni ya Shirika la Afya Duniani, ambayo toleo lake la 11 liliridhiwa na nchi wanachama mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, na humo mafungu ni matatu. Ugonjwa unaozungumzwa ni uleule.

Orodha ya Wamarekani huweka sharti kabla ya kufika kwenye dalili: lazima mtu awe amekabiliwa na kifo au tishio la kifo, jeraha kubwa au ukatili wa kingono, ama kwa kupatwa mwenyewe, ama kwa kushuhudia, ama kwa kupata habari kwamba ndugu au rafiki wa karibu amepatwa na hayo kwa ajali au kwa ukatili. Aliyoyapitia mume wako yanatimiza sharti hilo bila shaka yoyote.

Fungu la kwanza ni la tukio kujirudia bila kuitwa. Kumbukumbu huvamia mchana, ndoto huja usiku, na pengine mtu huhisi au hutenda kana kwamba tukio linatokea sasa hivi. Ule mguu unaokandamiza godoro uko hapa. Humo pia mna namna mwili unavyoshtuka unapokutana na kitu kinachofanana na siku ile, iwe harufu ya breki zinazoungua, iwe honi ndefu ya lori au ukungu wa jioni unaoshuka Uyole: jasho humtoka na moyo humwenda mbio kabla hajajua kwa nini. Dalili moja ya fungu hili inatosha kulihesabu kuwa lipo.

Fungu la pili ni la kukwepa, nalo lina dalili mbili tu, yaani kukwepa mawazo na hisia zinazohusu tukio, na kukwepa watu, mahali, mazungumzo na vitu vinavyolikumbusha. Naomba ulitazame hili kwa makini kuliko mengine, maana ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Anayepiga kelele usiku husikika nyumba nzima, akaonewa huruma. Asiyepokea simu za wenzake, anayezungukia vichochoroni ili asiione barabara kuu, ambaye pengine hajafika hata mara moja kwa wazazi wa marehemu kutoa pole, huambiwa ana kiburi au roho ngumu. Kwetu huku Nyanda za Juu kutofika msibani ni jambo zito, na sitashangaa kama maneno yameshasemwa. Lakini kukwepa huko ndiko kunakoufanya ugonjwa udumu. Kila anapoigeuka barabara hupata nafuu ya muda mfupi, na nafuu hiyo huifundisha akili yake kwamba barabara ile kweli haifai kukaribiwa, hata kesho yake mahali anapothubutu kufika huwa pachache kuliko jana.

Fungu la tatu linahusu mawazo na hisia zilizogeuka kuwa nzito tangu tukio litokee. Lina dalili saba, na ili lihesabiwe zinahitajika mbili. Humo mna kusahau sehemu muhimu ya tukio, kuamini kwamba dunia nzima ni hatari au kwamba mimi ni mtu mbaya, kujilaumu kupita kiasi, kuishi katika hofu, hasira, hatia au aibu isiyoondoka, kukosa hamu ya mambo ya zamani, kujihisi mbali na watu, na kushindwa kuonja furaha au upendo. Siku ya kipaimara mume wako hakuwa anamdharau binti yake. Huenda alijua vizuri kwamba ni siku ya furaha, akaitafuta furaha hiyo ndani yake asiipate, na kwa wagonjwa wengi hilo huumiza kuliko ndoto. Mweleze binti yenu jambo hili kwa maneno anayoyaelewa, kwa sababu mtoto asipoelezwa hujitafutia maelezo mwenyewe, na mara nyingi huishia kuamini kwamba baba hanipendi tena.

Neno “mimi ndiye niliyemuua” nalo ni la fungu hili. Ndugu na marafiki hukimbilia kumjibu “acha kujilaumu, ni mapenzi ya Mungu”, na nia yao ni njema, lakini kwa dereva anayelikumbuka kila badiliko la gia alilofanya katika mteremko ule jibu hilo huwa halifiki popote. Mtaalamu hufanya kazi nyingine: hupitia naye, taratibu, kile alichokijua wakati ule na kile alichokuja kukijua baadaye, ili aone mwenyewe ni sehemu gani iliyokuwa mikononi mwake na ipi haikuwa.

Fungu la nne ni la mwili kukaa macho muda wote: hasira za ghafla, kushtuka kwa jambo dogo, kuangaza huku na huku, usingizi wa mang’amung’amu, akili kutotulia, na pengine vitendo vya hatari visivyojali uhai. Kukaa akiutazama mlango ni hapa. Hapa pia dalili mbili hutosha. Kisha hali yote lazima iwe imedumu zaidi ya mwezi mmoja na iwe imeharibu kazi, familia au maisha ya kila siku. Wiki za kwanza baada ya ajali karibu kila mtu huweweseka na kushtuka, na wengi hutulia wenyewe bila tiba. Miezi minane ni habari nyingine.

Sasa, matatu yametoka wapi? Ugonjwa huu uliingia katika orodha ya Marekani mwaka 1980, baada ya madaktari kuwahudumia kwa miaka mingi askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Katika toleo la mwaka 1994 dalili zilikuwa 17 na mafungu matatu, na humo kukwepa na kufa ganzi kwa hisia viliwekwa pamoja. Watafiti walipochunguza ni dalili zipi huelekea kwenda pamoja kwa wagonjwa halisi, mara kwa mara waliona kwamba kukwepa husimama peke yake na ganzi ya hisia husimama peke yake, na ndiyo maana mwaka 2013 fungu lile liligawanywa. Basi inawezekana mshauri wenu alisomea toleo hilo la zamani, na inawezekana pia anafuata orodha ya Shirika la Afya Duniani, ambayo matatu yake si yale ya 1994. Haya ya sasa ni tukio kurudi kana kwamba linatokea sasa, kukwepa, na kujihisi uko hatarini muda wote. Shirika hilo liliacha kwa makusudi dalili kama usingizi mbaya, akili kutotulia na kukosa furaha, kwa kuwa mtu mwenye sonona au wasiwasi anazo pia, nalo lilitaka kiini cha ugonjwa wenyewe kionekane wazi. Likaongeza ugonjwa wa pili unaoitwa kiwewe changamano, ambao huwapata hasa walioteswa kwa muda mrefu pasipo njia ya kutoka, kwa mfano mtoto aliyelelewa katika kipigo. Hao huwa na mafungu yale matatu, na juu yake hushindwa kutawala hisia, hujiona si kitu, na hupata taabu kuwa karibu na watu wengine.

Kwa maoni yangu orodha fupi humfaa zaidi daktari anayetaka kutenganisha ugonjwa huu na mingine, na ile ndefu humfaa zaidi mke, mama au ndugu anayekaa na mgonjwa, kwa sababu hutaja yale mambo ya kimya yanayovunja nyumba. Ndiyo maana nimeifuata katika kukujibu. Wala usishangae ukikutana na mama mwingine ambaye mumewe ana ugonjwa huuhuu na hafanani kabisa na wako. Mwaka 2013 watafiti walikokotoa kwamba, kwa kanuni za orodha ile ya Marekani, dalili 20 zinaweza kuungana kwa njia 636,120 na zote zikaitwa kwa jina moja. Mmoja atakuwa mkali na hapati usingizi, na mwingine atakuwa mpole, amenyamaza, anakunywa ulanzi tangu asubuhi ili asikumbuke.

Jambo moja la kuulizia hospitalini ni lile jeraha la kichwa. Pigo la kichwa peke yake linaweza kuleta usahaulifu, hasira na usingizi mbaya, na kusahau kunakotokana na kuumia kwa ubongo hakuhesabiwi katika dalili za kiwewe. Kama hajapimwa vizuri, ombeni apimwe, na mtaje pia maumivu ya kichwa au kizunguzungu kama vipo.

Kuhusu tambiko, sitakuambia uwafukuze ndugu wa mume. Kusali pamoja, kufanya tambiko au kwenda kwa wazazi wa yule kijana kutoa pole kunaweza kumpa faraja ya kweli mtu anayebeba hatia, ikiwa yeye mwenyewe yuko tayari na anakwenda na mtu anayemwamini. Ninachokataa ni mambo mawili: kumburuta kwa nguvu, na kuambiwa kwamba akishatambikiwa aache hospitali. Vilevile msimkalishe mbele ya ukoo na kumtaka asimulie ajali yote kwa kikao kimoja ili “aitoe moyoni”. Kusukumwa kusimulia kwa namna hiyo hakujaonekana kumponya mtu, na wengine huwazidishia maumivu.

Tiba iliyothibitika zaidi ni mazungumzo na mtaalamu aliyefunzwa, kwa wiki kadhaa, ambamo mgonjwa husaidiwa kuisogelea kumbukumbu na yale anayoyakwepa, hatua kwa hatua na kwa ridhaa yake. Zipo pia dawa za kundi lile la kutibu sonona, kama setralini, ambazo daktari anaweza kuziandika. Vidonge vya usingizi kama diazepamu si tiba ya ugonjwa huu na hujenga mazoea, basi msivinunue dukani kwa ushauri wa jirani. Kwa kuwa mko Uyole, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya iko karibu. Ombeni kuonana na mtaalamu wa afya ya akili, na wewe mwenyewe uingie naye mara ya kwanza, maana mengi ya fungu la pili na la tatu yeye hatayasema.

Na kama lile neno la kujilaumu limewahi kufuatwa na “afadhali ningekufa mimi”, usilichukulie kuwa ni maneno ya majonzi tu. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwani kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, msimwache peke yake, ondoeni nyumbani dawa za kupulizia viazi na sumu ya panya, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Ninafundisha darasa la awali wilayani Kilolo. Mwezi wa pili radi ilipiga jiko la nyasi la familia moja, mtoto mkubwa akafa na mdogo wake wa miaka mitano akaona kila kitu. Huyu mdogo ni mwanafunzi wangu. Halii, hasimulii, lakini kila siku anajenga kijumba cha vijiti, anapiga kelele “paa!” na kukibomoa, kisha anaanza upya. Wenzangu wanasema hana tatizo kwa kuwa anacheza. Je, ni kweli?
Mwalimu, Kilolo

JIBU: Mwalimu, umeona vizuri. Watoto wenye umri wa miaka sita na chini yake wamewekewa vipimo vyao katika orodha ya mwaka 2013, kwa sababu mtoto mdogo hana maneno ya kueleza hatia au kukata tamaa. Kwake tukio hujirudia ndani ya mchezo, na mchezo huo unaweza kuchezwa bila machozi wala uso wa huzuni. Ndoto zake pia zinaweza kuwa za kutisha pasipo kuonekana kwamba zinahusu radi. Kwa umri huo dalili moja tu ya kukwepa au ya hisia kubadilika hutosha, mahali ambapo mtu mzima hutakiwa kuwa nazo katika mafungu yote mawili. Kwa hiyo muulize mama yake mambo ambayo darasani huyaoni: je, mtoto amerudia kukojoa kitandani, anakataa kuingia jikoni, anamganda mama mchana kutwa, amepunguza michezo aliyoipenda?

Usiukataze mchezo wa kijumba maadamu haumuumizi yeye wala wenzake. Kaa karibu, na siku moja moja umuulize nani anaishi humo, kisha umwache ajibu au asijibu. Mawingu yakitanda msogeze karibu nawe, na umwambie mapema kwamba mvua itakuja na kwamba mtakuwa ndani wote. La muhimu kuliko yote ni kuyazuia mazungumzo ya nani ametuma ile radi yasifanyike mbele yake, hata kwa mafumbo, kwani mtoto wa miaka mitano anasikia mengi kuliko tunavyodhani, na akishaamini kwamba nyumba yao imekusudiwa hatalala. Ikiwa mwezi umepita na hali ni hiyohiyo, mshauri mama ampeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, nawe uandike kwa ufupi uliyoyaona ili daktari ayasome.

SWALI: Mimi ni muuguzi, Tukuyu. Sijawahi kupata ajali, lakini napokea majeruhi wa barabarani karibu kila juma, na sasa baadhi ya sura haziniondoki. Je, ninaweza kuwa na ugonjwa huu kwa yaliyowapata watu wengine? Niombe kuhamishwa?
Muuguzi, Tukuyu

JIBU: Unaweza. Sharti la tukio linawataja pia watu ambao kazi yao inawakutanisha tena na tena na ukatili wa matukio ya namna hii, kama wanaokusanya mabaki ya miili. Kuona picha kwenye televisheni au simu hakuhesabiwi, isipokuwa kama ni sehemu ya kazi yenyewe. Hata hivyo, sura kutokuondoka ni dalili moja ya fungu moja. Jiulize pia juu ya yale mengine matatu: kama umeanza kubadilishana zamu ili usikutane na majeruhi, kama nyumbani huna hisia na watu wako, kama unashtuka simu ikilia usiku. Yote yakiwepo kwa zaidi ya mwezi, tafuta mtaalamu, na kama unaona haya kutibiwa pale unapofanyia kazi, panda gari hadi Mbeya. Kupumzishwa kazi ya chumba cha dharura kwa muda ni ombi halali, nawe ulipeleke kwa muuguzi kiongozi kwa maandishi. Ila mkubaliane tangu mwanzo tarehe ya kurudi, na urudi kwa zamu chache kwanza, kwa sababu likizo isiyo na mwisho inaweza kuwa ni lile fungu la pili limevaa sura ya mapumziko.